Kovu la Wifi, Mdomo wa Kaka

Shoga, kaka yangu leo katuvua nguo mbele ya watu!

Nimemsindikiza wifi kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Kovu la upasuaji wa uzazi bado linamchoma kila akimbeba mtoto. Kaka naye kaja, eti kuhakikisha kama kweli anaumwa.

Daktari anakanda kovu taratibu, wifi machozi yanamtoka. Kaka akabwata: "Kidonda kilishafunga zamani! Huo uvivu tu. Leo mwisho kuja hapa!"

Uvivu! Kasema uvivu, shoga!

Wifi, mpole yule, akainua kichwa kitandani: "Ulipong'olewa kucha ya mguu, nani alikubeba mgongoni hadi chooni?"

Daktari akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

"Jumatatu narudi," wifi akasema. "Wewe utabaki na mtoto."

Kidume kikanywea! Sasa hivi ananiuliza nepi inafungwaje.