Kila Mtu Hawezi

Jumatatu, 4 Machi

Barua kumi na tisa leo, zote za kuwanyima watu nafasi chuoni. Mkuu wa ofisi karudisha moja. Niliandika "tumeamua kutokukupa nafasi". Kapiga mstari mwekundu: andika "haikuwezekana". Ofisi haiamui, binti yangu, akanieleza kwa upole. Mambo hutokea tu.

Nimeandika "haikuwezekana" mara kumi na tisa.

Jumanne, 5 Machi

Kaka kapiga simu. Mama anatoka hospitali Jumamosi. Tangu kiharusi, upande wa kulia umelala, hata kujigeuza hawezi. Lazima mtu ahamie kwake. Kaka hawezi — kazi yake ni ya safari. Dada hawezi — mume, watoto. Nikabaki mimi.

Nikasema nami siwezi, Mkuu hatoi likizo. Neno lilinitoka laini, kama la barua.

Alhamisi, 7 Machi

Wamenimaliza. Mkuu kaniita, kanipa pole, kanipa likizo isiyo na mwisho. Mtu wa kukaa mezani kwangu keshapatikana! Kumbe Kaka alimpigia jana.

Nikampigia Dada. Nikamwambia siwezi kumwinua, mgongo wangu — akasema wameshaazima kitanda cha hospitali, kinainuka chenyewe. Siwezi kupikia mgonjwa — jirani atanifundisha. Kila "siwezi" yangu wanaiokota, wanaitengeneza, wananirudishia. Za kwao haziguswi.

"Mdogo wangu, wewe huna hata paka," akasema. "Nini kinakushika?"

Kinachonishika ni kwamba sitaki. Nimesoma miaka yote ile nipate chumba kimoja chenye ufunguo wangu. Sikumwambia. Nimeandika hapa tu, na bado nimeona haya.

Jumamosi, 9 Machi

Kwa Mama. Kitanda kimewekwa chumba kile kile alichomuuguzia bibi, mama yake Baba. Miaka tisa. Watu walikuwa wakisema mama yenu ana moyo. Hakuna aliyemuuliza chochote. Hata mimi.

Sebuleni Kaka na Dada walikuwa wanapanga dawa zangu. Zangu! Saa za kumpa, saa za kumgeuza. Nikasema, "Sitaki."

Dada akacheka kidogo, akidhani natania. Kaka akaniambia nirudie. Nikarudia. Hakuwa na la kutengeneza. Akanionyesha mlango wa chumba. "Basi kamwambie mwenyewe."

Nikaingia. Mama macho wazi. Ukuta ule mwembamba, kasikia yote. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akaanza yeye, neno moja moja, kwa kuburuta.

"Bibi yenu," akasema. "Mimi pia. Sikutaka."

Akafumba macho. Sijui kama amenifungulia au amenifunga. Mkono wake mzima, wa kushoto, umeshika pindo la gauni langu — haukazi, hauachii. Daftari liko gotini. Kaka kasimama mlangoni, anauliza kama nimeshamwambia.