Boliti Niliyoipaka Rangi

Mpendwa fundi wangu Hamadi,

Bado najiuliza uliona nini siku ile ulipofungua boneti ya gari langu ukanyamaza. Wewe hukuwa mtu wa kunyamaza. Swali hilo nimezeeka nalo, na sasa daktari hanifichi tena kwamba siku zangu ni chache. Kabla ya kukuuliza, nikuungamie. Barua hii nimeiacha wazi makusudi, ili wenzetu wa mtaa wetu wa Nyamirambo nao waisome.

Unalikumbuka gari lenyewe: la dizeli, la kijivu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililonipeleka kufundisha fizikia kwenye vilima ambako basi halikufika. Lilipogoma, uliniketisha kwenye usukani, ukaweka kiganja juu ya stata, ile mota ya kuwashia injini, ambayo wewe, kama mafundi wote wa mtaani, uliita demarere.

"Washa, Mwalimu."

Ka! Kisha kimya.

"Tena."

Ka!

"Taa hazififii," ukasema. "Umeme unafika mlangoni, lakini mlango haufunguki. Shaba za ndani zimeliwa."

Ukaifungua, ukanionyesha vile vipande viwili vya shaba, vimelika upande mmoja kama sabuni ya kufulia. Nilipiga magoti kwenye kipande cha boksi nikakuuliza maswali mpaka ukacheka. "Mwalimu, kesho na mimi nakuja darasani kwako, nikuchoshe hivi hivi!" Ukaweka shaba mpya na kaboni mpya, ukasugua ncha za ule waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Mwisho ukachukua rangi ya kucha ya mkeo, ukachora kistari chekundu juu ya kila boliti uliyokaza, kikivuka kutoka kwenye boliti hadi kwenye chuma. Ukasema kwamba mtu mwingine akiizungusha, kistari kitakatika. Nilipogusa ufunguo, injini ilinguruma papo hapo.

Wiki chache baadaye ikafika zamu ya gari kwenda kwenye ukaguzi. Nilitaka injini ing'ae mbele ya wakaguzi. Nikanunua kopo la rangi ya fedha, nikafungua ule waya wa hasi ili brashi ipite vizuri, nikapaka chuma chote, hata pale waya ulipokuwa umekaa. Nikaufunga tena juu ya rangi, na boliti yenyewe nayo nikaipaka.

Asubuhi iliyofuata stata ilizunguka kwa uzito, kama mgonjwa anayeinuliwa kitandani. Lakini taa ziliwaka vizuri, kwa kuwa zina waya wao mdogo wa hasi unaokwenda kwenye bodi. Nikashuka kwako nimefura. Mbele ya wateja wako nikasema umeniwekea stata chakavu na yangu umeiuza.

Ulifungua boneti. Ndipo uliponyamaza.

"Mwalimu, umegusa nini hapa?"

"Sijagusa kitu."

Ukaifunga boneti taratibu, kwa mikono miwili. "Basi sawa, Mwalimu."

Naapa siku ile sikuona kwamba nimekosa. Kufungua waya ili nipake rangi, kisha kuurudisha, sikukuhesabu kuwa ni kugusa. Hilo ungeweza kunisamehe. Lililofuata ndilo ninaloungama.

Mwezi haujaisha nilikuwa darasani nikifundisha vitu vinavyopitisha umeme na visivyopitisha. Mwanafunzi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza, "Mwalimu, na rangi je?" Chaki ikabaki hewani. Nilimjibu kwamba rangi haipitishi, na hapo hapo nikaiona ile boliti.

Ilihitaji spana moja na kipande cha msasa. Lakini gari likipona mikononi mwangu, watu wangeuliza limeponaje, nami nilikuwa nimeshawaambia wewe ni mwizi. Kwa hiyo sikuigusa. Nikaanza kuegesha mteremkoni. Kila asubuhi niliachia breki, gari likaserereka, nikaingiza gia ya pili, nikaachia klachi, likawaka. Miaka yote, Hamadi! Nilichagua duka la nyama na msikiti wa kusalia kwa kuangalia barabara ilivyoinama.

Majirani walikuwa wakinipigia kelele, "Mwalimu, leo tena mserereko? Kweli Hamadi alikula demarere yako, sha, rafiki!" Nikawapungia mkono. Kila niliposerereka mbele yao nilikutuhumu upya bila kufungua mdomo. Wateja wakakupungukia, ukahamia Kagugu ambako hakuna aliyekujua, ukaanza upya kwa kutengeneza pikipiki. Ulipofariki nilikuja kukuzika, nikasimama nyuma kabisa.

Mwezi uliopita nilimwita binti yako Rehema, ambaye sasa ndiye mwenye gereji yako. Nilimwambia tu kwamba stata inazunguka kwa uzito. Nilitaka kujua kama ataona. Nadhani nilitaka kuonwa.

Watu wa nyumbani kwangu walinitolea kiti nje. Rehema ana mita, kitu ambacho wewe hukuwa nacho. Kwanza akapima betri, akakuta ni nzima. Kisha akashika ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akamwomba mkwe wangu azungushe ufunguo.

"Mzee, ona. Hapa isizidi nusu volti. Iko tatu na zaidi. Umeme unapotelea kwenye njia ya kurudi. Demarere haina kosa, rwose, hata kidogo."

Akachukua waya wa kuazimia umeme, akaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Stata yako, Hamadi, na zile shaba ulizoweka kwa mikono yako.

Akainama kwenye ile boliti, akaanza kukwangua. Chini ya rangi ya fedha kikatokea chekundu. Nusu ya kistari ilikuwa kwenye chuma, nusu nyingine kwenye boliti, na zilikuwa zimeachana. Akaziangalia kama wewe ulivyoangalia siku ile.

"Hii boliti ilifunguliwa baada ya baba," akasema. "Nani alifungua?"

"Ni mimi."

Nikamwambia yote, na darasa, na mteremko. Hakunipandishia sauti. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi usiniambie, Mzee. Mimi najua baba yangu hakuiba. Waambie wale uliowaambia."

Ndiyo maana nakuandikia hivi, mbele ya watu. Hamadi hakuiba stata yangu. Nilidanganya, na nilijua nadanganya.

Sasa swali langu. Siku ile uliona rangi mbichi juu ya alama yako, sivyo? Ungeniumbua kwa neno moja mbele ya wateja wale wale. Kwa nini uliniuliza tu, ukaniachia nafasi ya kusema mwenyewe? Nalizungusha swali hili mchana kutwa, na kila jibu ninalolipata linakufanya mkubwa kuliko nilivyokufahamu.

Rehema alisugua chuma mpaka kikang'aa, akakaza boliti, akachora kistari kipya chekundu. Gari nimemwachia. Kabla hajaondoka nalo nilimwomba aliegeshe kwanza uwanjani mbele ya msikiti, pale pasipo na mteremko hata kidogo, ili watu wamwone akiliwasha.

Lala salama, fundi.

Ni mimi rafiki yako, yule uliyemwita Mwalimu