Mama Mkwe na Mzee wa Shaba

Agape weee, nimekimbilia nje ya kanisa, nacheka peke yangu kama kichaa. Wageni wa Ujerumani wametuonyesha picha ukutani. Mama mkwe wangu, huyu huyu anayenikagua sketi, KAPIGIA SANAMU MAGOTI!!

Ni ile safari ya kwaya ya mwaka 96. Walikuwa wanatembezwa Regensburg, hukohuko Ujerumani, mji wa zamani kweli, mpaka barabara ni mawe. Mbele ya kanisa kuu akamwona mzee wa ndevu, rangi ya shaba mwili mzima, kasimama juu ya boksi. Wenzake wakapita tu. Msukuma aliyelelewa akalelewa, ampiteje mzee? Akapiga magoti, akamwamkia Kisukuma: "Mwangaluka, baba."

Kimya.

Na unajua kwao mwanamke hainuki mpaka mkubwa aitikie. Akabaki chini! "Mwangaluka, baba." Kimya! Watalii wanapiga picha, wenzake wanamwita, basi linaunguruma, magoti yanaisha kwenye mawe.

Mara sanamu likapepesa macho. Kumbe ni mtu! Kajipaka rangi, ndiyo kazi yake, kusimama kama sanamu. Huruma ikamshinda, akashuka, NA YEYE AKAPIGA MAGOTI. Mwanaume mzima! Mama kwa aibu akainama zaidi. Yule naye akainama zaidi. Ndiyo picha yenyewe, Agape: wote wawili paji la uso chini!!

Kanisa zima hoi kwa kicheko. Nikamgeukia mama, nikidhani analia. Wala. Kaikazia macho ile picha, kanuna, ananiambia:

"Na mpaka leo hajaitikia."