Flavia, Uliyebeba Jani la Isale kwa Ajili ya Elisifa

Mwaka umezunguka, Flavia mdogo wangu, na kahawa imeiva tena mitini tangu tulipokulaza kihambani, kwenye shamba hili la ukoo la nyumbani, pembeni ya mama mkwe wako. Binti yako Gladness alitaka tangazo fupi: picha, tarehe, basi. Nikamwambia, mwanangu, mama yako hakuwa mtu wa kuenea kwenye picha. Niache dada yake niongee naye kidogo, na wanaosoma nao wasikie.

Huku nyumbani hatujambo. Mume wako Martin bado anatembea na fimbo yake. Mguu ule wa vitani unamsumbua baridi ikishuka kutoka mlimani, lakini anakula, na asubuhi anakwenda mwenyewe kukaa pale ulipo na kukupa habari za redio. Ng'ombe wako amezaa. Ndama ni jike, na kichwa kigumu amekirithi kwako. Ukimvuta huku, yeye anakwenda kule.

Ulipenda vitendawili tangu tulipokuwa wasichana tukikata majani ya ng'ombe. Mimi natega, wewe unategua kabla sijafunga mdomo, mpaka ninanuna. Unakumbuka hiki? Mzazi wangu huzaa mara moja tu, na siku akikatwa watoto wamesimama miguuni pake. "Mgomba huo, dada. Tega kigumu." Juzi nimewategea wajukuu zako hicho hicho. Walipopata jibu walicheka, mimi nikajifanya moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Watu wengi, wa mlimani na wa mjini, walikujua kwa sababu ya kile kikundi chenu cha akina mama wa wapiganaji. Waume zenu walikwenda vita vya Kagera wakiwa vijana. Wengine hawakurudi. Wengine walirudi na mguu mbovu kama shemeji Martin, na wengine walirudi wazima wa mwili, lakini mvua ya radi ikipiga juu ya mabati wanatafuta pa kujificha. Mlianza wake wachache wa huku Marangu, mkiuguzana na kuzikana. Kisha akaja Mwamvita kutoka Majengo, ambaye marehemu mume wake Fikirini alikuwa kikosi kimoja na Martin, akaja na wenzake wa mjini. Wakafuata wa Chekereni, kule kwenye mpunga. Ndipo mkaanza ule mtindo wenu: nyumba ya askari ikiishiwa huku juu, mchele unapanda, ikiishiwa kule chini, ndizi zinashuka.

Na siku za kazi mlikula kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kwa sababu mlikuwa Wakatoliki, Walutheri na Waislamu kwenye sufuria moja, na hakuna aliyetaka kuuliza nyama imechinjwa na nani. "Kiburu hakina dini," ulisema. Mwamvita akajibu, "Hakina dini lakini kina uzito, mama. Nikila hiki silimi, nalala."

Hukupenda kumpa mtu kitu huku umemsimamia kama mtoa sadaka. Ulipokuwa unampelekea mjane unga, ulianza kwa kumwomba wewe. "Mama nanihii, nipe mche wa pilipili, wangu umekauka." Akishakupa, na moyo wake umesimama vizuri, ndipo unatua mzigo na kusema, "Na mimi nimekuja na hiki." Nilikuuliza kwa nini unazunguka hivyo. Ukaniambia mtu akitoa kwanza hainami akipokea.

Na yule mzee wa bondeni aliyeogopa radi, ulikwenda kukaa naye kila masika. Hukumwambia asiogope. Ulimpa maharage ya kupukuchua, nawe unapukuchua, mnabishana nani ana mikono mizito, mpaka mvua inapita. Mke wake ameniambia mwaka huu anakaa naye yeye, na maharage yanapukuchuliwa bado.

Lakini leo nataka niseme habari ya Elisifa, maana wapo wanaoisimulia vibaya, na mimi nilikuwepo.

Elisifa ni mjane wa Aminieli, askari mwenzake Martin. Walipata binti mmoja, akaolewa mbali. Aminieli alipofariki, kihamba chao kikabaki mikononi mwa Elisifa, na chini yake ni kihamba cha shemeji yake Yohana, yule mnayemwita Baba Lucky. Baba yao alipowagawia ardhi alipanda mstari wa masale katikati, kama wazee wetu wote walivyofanya. Wa huku wanajua, ila kwa wasomaji wa mbali niseme: isale ni mmea wa majani marefu unaolinda mpaka, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeung'oa. Na ukiwa umemkosea mtu, unafunga fundo kwenye jani la isale unampelekea. Jani hilo halikataliwi.

Yohana alishaanza maneno. Leo anafunga ng'ombe upande wa Elisifa. Kesho anasema mbele za watu, "Kihamba ni cha ukoo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anangoja nini? Kwao si wapo?" Elisifa alikuwa hajui usiku wala mchana ataambiwa lini afunge mizigo. Kilichokuwa kinamzuia Yohana ni ule mstari wa baba yake tu. Hata mimi niliwategea watoto: askari wangu hana bunduki wala mshahara, lakini ndugu wawili hawavukani mbele yake. Ni isale.

Basi mkapanga siku ya kwenda kumpalilia Elisifa kahawa, ili watu waone hana upweke. Mlikwenda wengi, nami nikaja nimebeba sufuria. Wa Marangu mkashika upande wa juu. Akina Mwamvita wa mjini wakapewa chini. Elisifa akawaambia, "Safisheni mpaka kule mwisho." Wakasafisha, Flavia! Wale wanawake wakifanya kazi wanafanya. Tuliposhuka kuwaita kula, tukakuta Mwamvita anajifuta jasho, ameng'oa masale yote na mizizi yake, ameyalundika kama chakula cha ng'ombe.

"Magugu ya huku yana nguvu, wallahi," akasema. "Mpaka mgongo umelia."

Elisifa alikaa chini kwenye udongo, jembe likiwa bado mkononi.

Naye Yohana alikuwa ameshafika, amesimama upande wake anatabasamu. "Asanteni sana, akina mama," akasema. "Mmenipunguzia kazi. Sasa ni shamba moja." Akageuka, akarudi kwake.

Mwamvita akatutazama mmoja mmoja. "Mbona shemeji mtu anacheka na mjane analia? Jamani, nimefanya nini?" Mmoja wetu akamweleza. Maskini, alishika kichwa. Kwao Majengo mpaka ni ukuta wa jirani. Isale angelijulia wapi? "Nimemuua mwenzangu," akawa anasema. "Nimekuja kumsaidia nimemuua."

Wengine wakasema turudishie haraka, mashimo si yapo? Nami niliona hivyo. Ukatukataza.

"Tukipanda sisi wenyewe," ulisema, "kesho atasema mstari huu ni wa akina mama wa kikundi, siyo wa baba yake. Mwamvita, inuka unawe uso. Wewe na mimi tunakwenda kuomba radhi."

"Kwa Elisifa?"

"Elisifa ameshatusamehe. Kwa Yohana."

Elisifa akainua macho. "Mama Gladness, unamwomba radhi yule?"

"Yule yule," ukasema. Ukachagua isale moja kwenye lile lundo, ukafunga fundo kwenye jani, ukampa Mwamvita ashike. Ukaniambia, "Dada, njoo na wewe. Acha sufuria." Sote tukafuata, na udongo miguuni, hatukunawa.

Yohana alikuwa uani kwake, na majirani wamekuja kumsaidia kumenya kahawa. Nadhani alikuwa ameshaanza kuwasimulia, maana walinyamaza walipotuona. Ulipiga hodi kwa heshima zote, ukasalimia wakubwa shikamoo, ukauliza habari za watoto. Ndipo ukasema, kwa sauti yako ile ya kanisani inayofika mpaka nyuma:

"Baba Lucky, tumekukosea. Tumeng'oa mpaka alioupanda baba yenu kati yako na ndugu yako Aminieli. Tumeng'oa kwa kutojua, lakini kosa ni kosa. Tumekuja na jani."

Mwamvita akalinyoosha kwa mikono miwili.

Yohana hakulitazama jani, aliwatazama majirani zake. Kisha akacheka kidogo. "Mama Gladness, msijisumbue. Hakuna kosa. Kwani pale palikuwa na mpaka?"

Wewe hukupandisha sauti.

"Kama hapakuwa na mpaka, basi kweli hatuna kosa kwako," ulisema. "Ila jani tumeshalifunga, na jani lililofungwa halitupwi. Tutalipeleka pale kaburini kwa baba yako. Alipanda kitu, tumeking'oa. Tutamwomba yeye, na hawa majirani watatusindikiza wasikie tunavyomwambia."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa aliacha kuzungusha. Halafu mke wa Yohana, ambaye siku zote nilimdhania ni mtu wa kuitikia tu, akasema huku hajainua macho kwenye kahawa zake: "Baba Lucky, pokea. Unataka watu waende kumwambia baba kwamba umekataa jani?"

Akapokea. Sijui kama alipenda, lakini alipokea mbele ya watu, akasema neno lenyewe: "Nimesamehe."

"Mungu akubariki, shemeji," ukasema. "Sasa twende. Wewe ndiye uliyeachiwa na baba. Wewe ndiye unayejua lilipokaa kila moja. Tuonyeshe, sisi tutashindilia."

Atasemaje hapana? Ameshasamehe kung'olewa kwa mpaka, hawezi tena kusema mpaka haukuwepo. Akashuka nasi, majirani nyuma yake na mikono imejaa utomvu wa kahawa. Akarudisha masale ya baba yake kwenye mashimo yale yale, kwa mkono wake. Mwamvita alikuwa anamshikia moja moja, amenyenyekea kama mwali.

"Kaka Yohana, hili nalo nikushikie au ni gugu?"

Majirani wakacheka, na Yohana naye, nusu hataki, akacheka. "Wewe mwanamke wa Majengo," akamwambia, "jembe lako liache mjini." Tukaenda kula kiburu kilichopoa, na mke wa Yohana akaja na maziwa.

Baadaye nilikuambia, Flavia, umemshinda yule mtu kwa akili. Ulinikemea. Ukasema hukwenda kumshinda, ulikwenda kuomba radhi, na kweli mlikuwa na kosa. Kama lingekataliwa ungekwenda kaburini vile vile. Nimelifikiria sana neno hilo mwaka huu. Wanaosema ulimtega Yohana hawakukujua. Uliomba kwa moyo wako wote, ndiyo maana hakuweza kukataa.

Masale yalishika. Sasa yamefika kifuani kwa mtu mzima, na ng'ombe wa Yohana anafungwa kwa Yohana.

Siku tuliyokuzika Elisifa hakulia sana. Alikuwa anahudumia watu maji tu, huku na huku, mpaka jua linazama. Wiki iliyopita alikuja hapa kwako, akatukuta mimi na Gladness na shemeji Martin tunapanga chakula cha kumbukumbu.

"Msipike nyinyi," akasema. "Kitapikwa kwangu."

Martin akamwambia, "Elisifa, watu watakuwa wengi. Kikundi chote kinakuja, wa mjini na wa Chekereni."

"Waje. Kihamba changu kinatosha."

Flavia, miaka yote ile nilimsikia akisema "hapa ninapokaa", au "kwa marehemu." Sikuwahi kumsikia anasema changu. Alisema bila kujisikiliza, kama mtu anayetaja mkono wake, akaanza kuhesabu sufuria.

Kwa hiyo ndugu na marafiki wote, Jumamosi hii baada ya misa ya asubuhi parokiani kwetu, karibuni chakula nyumbani kwa Elisifa, kihambani kwake. Akina mama wa Chekereni wanapandisha mchele. Mwamvita atakuja na wenzake, na ameahidi hatagusa kinachoota. Yohana anatoa mabenchi. Elisifa alimwambia ayapitishe tu pale shambani, ni karibu. Akasema hapana, atayazungusha kwa barabara ya juu aingilie mlangoni, hodi kwanza.

Mdogo wangu, pumzika. Tunaokutaja kila siku ni mumeo Martin. Wanao Gladness na mdogo wake Basili, na wenzi wao. Wajukuu zako wote, hasa yule anayetegua vitendawili kabla havijaisha. Wifi zako na shemeji zako wa Marangu. Elisifa, Mwamvita na akina mama wenzako wa kikundi, wa mlimani, wa Majengo na wa mpunga. Na mimi dada yako Magdalena.

Jina lako halitatoka midomoni mwetu, Flavia, maadamu tuna pumzi ya kuliita.