Macho ya mama na bima yangu

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta ndani ya nyumba. Nina uchungu, na leo siufichi.

Mama ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshafunga, la kushoto linafuata. Nilipopata kazi yenye bima nilimuandikisha kama mtegemezi wangu, nikampelekea kadi kule kwake mlimani. Aliifunga kwenye kitambaa pamoja na kadi yake ya kanisa. Tuliamini ameshapona.

Leo tumeenda hospitali kuchukua tarehe ya upasuaji. Dada wa dawati la bima ametazama kompyuta yake, kisha akaniambia kwa upole kwamba kampuni imekataa kutoa kibali. Ugonjwa ulianza kabla mama hajajiunga, na ugonjwa wa namna hiyo hulipiwa baada ya mwaka mzima wa uanachama. Mwaka haujatimia.

Nikauliza wamejuaje. Daktari aliandika, na aliandika kwa sababu mama alimwambia.

Nilikuwepo siku ya vipimo. Daktari alimuuliza macho yameanza lini kusumbua, naye akajibu bila kusita: tangu mwaka tuliomzika baba. Mimi pembeni nikajivunia kumbukumbu yake.

Nimewapigia kampuni. Kaka aliyepokea amenielekeza kwenye kijitabu cha masharti, na kweli yamo. Kijitabu hicho sikuwahi kukifungua. Kazini waliponipa kadi walisema tu, "Mama yako sasa yuko ndani." Hakuna aliyesema kuna ndani ya mlangoni na ndani ya sebuleni.

Sasa naelewa. Bima ni mkataba, na mkataba una tarehe. Jicho halina tarehe.

Tulipokuwa tunatoka, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu alinivuta pembeni. Akanishauri nimpeleke hospitali nyingine, aanze upya, aseme macho yameanza juzi juzi. Wengi hufanya hivyo, alisema.

Nikasema moyoni, kwa nini tusifanye? Nakatwa mshahara kila mwezi. Sioni kama ni wizi.

Tulipofika nyumbani kwangu Sekei nilimkalisha, nikamweleza taratibu cha kusema. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Siku tunamuaga baba yako sikuiona sura yake vizuri," akasema. "Unataka niseme niliiona?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Aliomba tu nimsogezee ungo wa maharage, apate kazi ya kufanya.

Kesho nitaomba ruhusa kazini niwaone wanaoshughulikia bima yetu. Nitauliza kama uamuzi huu unakatiwa rufaa, na nitataka jibu la maandishi. Wakikataa tena, tutasubiri mwaka utimie, na jicho la kushoto litaendelea na safari yake. Nasema hivi kwa utulivu ambao sina.

Nani aliyeandika sharti ambalo mkweli anasubiri na mwongo anapasuliwa wiki hiyohiyo?

Maharage aliyachagua yote kwa vidole, akajisifu kwamba hajahitaji macho. Tulipokula nilitafuna jiwe. Nililitoa mdomoni kimya kimya, nikalificha chini ya ukingo wa sahani, nikamwambia ni matamu.