Wana wa Kora Hawakufa

Jumapili, mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wote wa Rughenda ni matope, na mimi nimefura kwa hasira tangu tutoke misani.

Kwaya ya watoto ya parokia yetu ilikuwa inatafuta jina. Masika, binti wa dada yangu, ambaye mama yake alinitumia kutoka mji wa Beni ili asome kwa utulivu, alipendekeza Wana wa Kora. Aliliona limeandikwa juu ya zaburi, akalipenda. Wenzake wakapiga makofi. Mkuu wa kwaya, mwanaume mzima mwenye suti, akakataa. Kora alimwasi Musa, ardhi ikammeza, na jina la mwasi haliwezi kuimba kanisani.

Mpaka hapo ningevumilia. Wengi husoma nusu ya habari.

Lakini akamgeukia Masika mbele ya watoto wote: "Tunajua sababu unapenda ile jina. Baba yako alikufa mu pori na bunduki."

Masika ana miaka kumi na mmoja!

Ni kweli, baba yake aliingia kundi la wenye silaha na akafia huko. Je, mtoto ndiye aliyempeleka?

Nikasimama. Nikamwambia Biblia hiyohiyo inasema wazi kwamba wana wa Kora hawakufa. Ukoo wao ulibaki, wakawa waimbaji wa hekalu, wengine wakalinda milango yake, na zaburi tunazoimba sisi zina jina lao mpaka leo. Hakuna aliyewaambia walibadilishe. Akanijibu kwamba jina linabeba roho.

Roho gani? Kwetu Wanande jina ni zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, kijana wa pili ni Kambale, basi. Akina Kambale wako gerezani, akina Kambale ni mapadri, na huyo mwenye suti naye ni Kambale. Tena nilifundishwa kwamba Kora kwa Kiebrania ni upara tu. Nilikitazama kichwa chake kinavyong'aa, nikajizuia. Sasa ninajuta.

Kwaya ikaitwa Malaika, kama kwaya nyingine zote.

Nimerudi nyumbani nikatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Masika alikaa mlangoni bila kuimba, yeye ambaye huimba hata akichota maji. Mwishowe akaniuliza:

"Mama mudogo, bale batoto ya Kora, balifanya nini juu basikufe?"

Nikauacha mchi. Nikafungua Biblia kwenye kitabu cha Hesabu, nikasoma, nikasoma tena. Haikuandikwa walifanya nini.

"Hapana kitu, Masika. Balikuwa tu batoto."

Akatikisa kichwa polepole, akaanza kuchambua maharagwe. Mpaka ninapoandika haya, bado haimbi.

Jumapili ijayo nitamshika mkono nimpeleke mpaka safu ya mbele ya kwaya, na nitasimama hapo pembeni yake mpaka misa iishe. Huyo Kambale ajaribu kututoa.