Milamula Sita Niliyoing'oa

Jumatatu, Muleba. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne. Sasa ni alasiri, jua linawaka juu ya bati letu jipya na migomba inatoa mvuke. Kucha zangu zina udongo. Nimenawa mara tatu na bado upo.

Daftari langu, sijakuandikia tangu Ijumaa, na Ijumaa nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika mkoa huu. Nimesoma sasa hivi nilichoandika siku hiyo. Ukurasa mzima ni Novatus. Shingo yake anapoinama juu ya baiskeli. Anavyokunja mikono ya shati mara mbili tu, kamwe si tatu. Sauti yake anaposoma somo la kwanza kanisani, hadi vikongwe wanaacha kukohoa. Ni wiki ya saba ya ndoa yetu, na mwishoni mwa ukurasa nimeandika: "Sijui kama mtu anaruhusiwa kufurahi namna hii."

Leo nimeshtuka. Nitaandika polepole, labda nitaelewa.

Jumamosi nilibaki peke yangu. Novatus alikwenda Bukoba kununua chokaa ya kupaka ukuta wa mbele, kwa sababu Jumapili baada ya Misa Padre angekuja kubariki nyumba yetu. Taata na Mawe, ndivyo ninavyowaita baba mkwe na mama mkwe kwa Kihaya, walikwenda kigangoni kubeba mawe ya msingi wa kanisa jipya. Ilikuwa zamu ya nyumba kumi zetu. Mimi kwa desturi ya hapa bado ni bibi harusi, na bibi harusi hashiki jembe mpaka wakwe wamtoe nje siku maalumu na kumkabidhi lake. Kazi yake ni kukaa ndani, kula na kunenepa. Mawe aliniambia akiondoka, "Wewe kaa, mwanangu. Kazi utaifanya mpaka uichoke."

Nikachukua jembe.

Sikufanya kwa ukaidi, daftari langu, nilifanya kwa mapenzi. Nilitaka Novatus arudi na kukuta njia nzuri ya kuingilia nyumbani kwetu. Mimi nilikulia Miembeni, mjini, baba yangu ni karani, na uwani kwetu kulikuwa na saruji na mpapai mmoja. Kisha nikaenda shule ya bweni kwa masista. Pale kwa masista, pande zote mbili za njia ya kwenda kanisani, palikuwa na mimea yenye majani marefu yaliyochongoka, mabichi mwaka mzima, na Sista Mkuu alikuwa anatutuma tuyafute kwa kitambaa chenye maji. Nilipoikuta mimea ileile huku nyuma ya migomba yetu, sita, imesimama kwa mstari mahali ambapo hapiti mtu, niliihurumia. Nilisema moyoni, urembo huu wote umefichwa kwa nini?

Niliing'oa yote. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, mizizi ikatoka bila shida. Nikafukia mashimo, nikatandaza juu yake majani makavu ya migomba kama nilivyomwona Mawe akifanya, na nilitandaza vizuri kiasi kwamba hata mimi nilipogeuka sikuona tena nilipochimba. Kisha nikaipanda mbele ya nyumba yetu, mitatu kulia, mitatu kushoto. Nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu kwa jinsi ilivyopendeza. Taata na Mawe walirudi gizani kwenye nyumba yao ya zamani, na alfajiri wakatangulia kanisani bila kupita mbele ya yetu.

Novatus alikosa basi, akalala kwa shangazi yake huko Nshambya, Bukoba. Jumapili alikuja na gari la Padre moja kwa moja kanisani, kwa hiyo hakupita nyumbani. Nilimwona akisoma somo akiwa na alama ya chokaa sikioni na nikasahau kusali. Altare nilikuwa nimeipamba mimi, akina mama wa kigango wamenipa kazi hiyo kwa sababu ya masista, na kila mmoja alinisifu. Nilizipokea sifa zote kama haki yangu.

Baada ya Misa tulitembea kwa maandamano hadi kwetu, Padre mbele na maji ya baraka, watu nyuma wakiimba. Nilimnong'oneza Novatus, "Kuna kitu nimekuandalia." Akanibana kidole.

Tulipokata kona ya mwisho, wimbo ulikatika. Haukuisha, ulikatika. Wa mbele walinyamaza, na wa nyuma wakanyamaza bila kujua kwa nini. Nilidhani wamevutiwa. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili nilijiona malkia.

Kisha Mawe akakaa chini. Njiani, kwenye tope, na kitenge chake cha Jumapili.

Sauti ya mzee mmoja nyuma yangu iliuliza, "Kuna nini huko? Nani amekufa?"

Mwingine akamjibu, "Hajafa mtu. Uliokufa ni mpaka."

Akajitokeza Baba Mdogo Laurenti, mdogo wake Taata, ambaye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kinapakana na chetu. Alipita katikati ya mimea yangu akiihesabu kwa kidole, moja hadi sita, kisha akamgeukia Taata. "Kaka, naona milamula yetu imekuja kubarikiwa. Mingine huwa inatembea hatua moja kwa mwaka. Hii yako imepanda basi."

Padre, ambaye ametoka mbali na hakuelewa lolote, aliendelea na sala zake, na maji ya baraka aliyanyunyiza hata kwenye ile milamula.

Kila mtoto wa kijiji hiki anajua nilichokuwa sijui mimi niliyemaliza kidato cha nne. Mlamula ndio mpaka kati ya kibanja na kibanja. Hung'oi mlamula. Huusogezi hata kidogo. Mbuzi akitafuna jani lake, watu wanaulizana mbuzi ni wa nani.

Usiku ule Novatus alinieleza yaliyobaki, kwa sauti ya chini kuliko ninavyoijua. Taata na Laurenti waligawana kibanja cha baba yao, wakagombana miaka mingi juu ya mti mmoja tu wa kahawa, mbuni mkubwa ulioko katikati, ambao babu aliupanda kwa mkono wake. Wazee walikaa, wakaamua mbuni ni wa Laurenti, na milamula sita ikapandwa ili neno hilo lisirudiwe tena. Tangu hapo ndugu hao wawili husalimiana kanisani tu. Na mpaka wao nilikuwa nimeuondoa mimi, nikafukia na mashimo, nikatandaza na majani juu.

Nililia. Novatus hakunigombeza, alinifuta machozi kwa shati lake mwenyewe. Niliwaza, wanawake wangapi hapa duniani wana mume kama huyu?

Leo asubuhi mvua ilipokatika, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na wazee wawili. Novatus aliomba ruhusa shuleni anakofundisha. Taata alikuwepo, Laurenti alikuwepo, na Mawe alisimama mbali kidogo kwenye migomba. Milamula ilikuwa imelazwa chini, imefungwa pamoja kama kuni.

Balozi alisema, "Wenye vibanja hatutawauliza kitu. Kila mmoja ataukumbuka mpaka unavyompendeza. Tutamuuliza aliyeing'oa. Yeye hapa hana hata mgomba mmoja."

Basi nikaonyesha. Wa kwanza ulikuwa karibu na jiwe. Wa pili na wa tatu niliikumbuka kwa kisiki kilichoniumiza kidole. Novatus alichimba nilipoonyesha, wazee wakapanda, tukasogea. Ndipo tukafika kwenye ule mbuni.

"Wa nne, mama," balozi akasema. "Ulikuwa upande huu wa mbuni, au upande ule?"

Mlamula ukiwa upande huu, upande wa nyumba yetu, mbuni unabaki ng'ambo ya mpaka na ni wa Laurenti, kama wazee walivyoamua. Ukiwa upande ule, mbuni ni wetu. Kila aliyekuwepo alilijua hilo. Hakuna aliyelisema.

Nilimtazama Novatus, kama ninavyomtazama kila ninapoogopa. Naye alinitazama. Kisha akatazama upande ule wa mbuni, akarudisha macho kwangu. Kidevu chake kilisogea kidogo sana, labda upana wa punje ya kahawa.

Nilimwelewa papo hapo. Natamani ningekuwa mjinga kidogo.

Daftari langu, nitakuungamia wewe kabla ya Padre. Nilitaka kusema alichotaka. Tangu jana nilikuwa mtu aliyeiharibu nyumba hii, na neno moja tu, "ule", lingenirudisha kuwa bibi harusi wao mpendwa, na zaidi. Taata angeupata mti wa baba yake. Mashimo nilishayaficha mwenyewe, bila kukusudia. Nani angenipinga?

Lakini nilikumbuka mno. Jumamosi nilipofika kwenye mlamula wa nne nilikuwa nimechoka, nikakaa chini nikauegemea mbuni ule kwa mgongo, nikachimba nimekaa, huku nikitazama bati letu na kuwaza ndani ya nyumba ile nitazaa watoto wangapi. Mlamula ulikuwa mbele yangu, kati yangu na nyumba. Sikuweza kuutoa hapo akilini mwangu. Nilijaribu, na nilijaribu kwa bidii.

"Upande huu, waitu," nikasema, kwa neno lao la heshima. "Nilikuwa nimeuegemea mbuni. Nilikuwa natazama nyumba yetu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Taata alifumba macho. Akalichukua jembe kutoka mkononi mwa Novatus, akachimba shimo la nne mwenyewe, upande huu, akaupanda mlamula na kuukandamiza udongo kwa mguu. Hakufanya haraka wala hakumtazama mtu.

Laurenti alinigeukia. "Mkamwana, masista wamekufundisha kung'oa. Bahati yetu, na kusema wamekufundisha." Mzee mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Kisha Laurenti alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kama mtu anavyomkaribisha mgeni nyumbani kwake, akamnyooshea kaka yake mkono. Taata aliutazama mkono ule. Akachukua punje moja. Hakuitafuna. Aliitia mfuko wa shati, akasubiri wa tano na wa sita ipandwe, akaondoka.

Mawe alinipitia pale nilipokuwa nimesimama. Nilidhani atanipita tu. Alisema, "Ulivaa gauni zuri kuchimbia. Siku nyingine uombe kanga ya zamani." Mpaka sasa sijui kama amenisamehe au ameniambia tu habari ya gauni.

Tulikula ndizi na maharage, mimi na Novatus. Yeye hakumaliza. Mwishowe akauliza akiwa anatazama sahani, "Ulinielewa pale?"

"Nilikuelewa."

"Mti ule babu aliupanda kwa mkono wake. Baba amezeeka."

"Najua."

"Basi," akasema. Akachukua chaki zake, akatoa baiskeli, akaenda kwenye darasa la watu wazima kuwafundisha wazee kuandika majina yao. Kila siku kabla ya kuondoka huniwekea kiganja kichwani. Leo hakuniwekea.

Sijashtushwa na milamula. Hilo lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na mpaka umerudi ulipokuwa. Kinachonitetemesha ni uso wake. Aliniomba uongo, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Ulikuwa uleule ninaoupenda. Siku zote nilidhani mtu akiomba jambo kama lile, sura itamgeuka, nami nitajua kujihadhari.

Tena najua alifanya kwa ajili ya baba yake. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu nilimpenda kwanza kwa jinsi anavyompenda baba yake.

Na kuna jambo jingine, nalo linanitisha zaidi. Nilipomkatalia, sikuumia kama nilivyotarajia. Nilijisikia nimesimama. Wiki saba nimekuwa nikielea katika nyumba hii kama unyoya, na leo, pale kwenye tope, mbele ya watu wanaonisikitikia, nilihisi uzito wa miguu yangu mwenyewe. Inawezekana kumpenda mtu na kusimama kinyume chake siku hiyohiyo? Hakuna aliyetufundisha hilo darasani.

Nimechemsha maji yake ya kuoga. Nimeweka kando ndizi alizobakiza, nitazipasha. Akirudi sitalia, maana nikilia atanifuta machozi, na tukishafika hapo hatutazungumza tena.

Nitamwambia hivi: mimi nimesema ukweli wangu mbele ya watu wote, sasa nataka kusikia wa kwako, tukiwa wawili tu. Siombi aseme alikosea. Nataka tu aniambie kwamba alikusudia, asiniambie kwamba nilimwona vibaya.

Akisema nilimwona vibaya, je?

Nasikia kengele ya baiskeli.